Milimani ya Kitale na Watu wa Bungoma Waliokaa Ndani Yake



Ni desturi yetu katika taarifa ya kila mwaka kutenga kurasa chache kwa habari za kale, ili vijana wasidhani ya kwamba mambo waliyoyakuta ndivyo yalivyokuwa tangu mwanzo. Mwaka huu kamati imeona vema tuandike habari za mtaa wa Milimani hapa Kitale. Wanachama wetu kadhaa sasa wana nyumba huko, nasi twawapongeza. Lakini liko pia jambo lililoleta maneno mengi katika mkutano mkuu, na jambo hilo lilitoka Milimani. Hatuwezi kulikata kwa haki bila kujua asili yake.

Tuanze na ardhi, maana ndiyo chanzo cha yote. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya mwaka 1915 ilimruhusu Mzungu kukodi shamba kwa muda wa miaka 999, nayo ikampa Gavana uwezo wa kukataa shamba la Mzungu lisihamishiwe mtu wa kabila jingine. (Katiba ya mwaka 2010 haimruhusu asiye raia kupita miaka 99, wazee wetu wengine walicheka waliposikia tisa moja imekatwa hivyo.) Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ya ng'ambo ya mto Nzoia iligawiwa masetla, wengi wao askari waliotoka vitani. Tume ya Carter ilitoa taarifa yake mwaka 1934, na mwaka 1939 mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu ikatiwa muhuri. Trans Nzoia ilikuwa ndani. Bungoma, upande wa pili wa mpaka, ilibaki nchi ya Waafrika.

Mji wa Kitale wenyewe ulikua upesi reli ilipofika mwaka 1926. Inaelezwa kwamba hapo zamani palikuwa kituo cha misafara ya watumwa iliyotoka Uganda kwenda Bagamoyo, na kwamba klabu ya Wazungu ilijengwa karibu na boma la mawe walimofungiwa watumwa hao. Watu waliocheza gofu mahali hapo hawakuonekana kusumbuliwa na habari hiyo.

Sasa, miji ya koloni haikupangwa kwa bahati. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mganga aliyetumwa kutoka Uingereza kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, alishauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, kila watu na mtaa wao. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa. Mwaka 1923 Serikali ya London ilitamka kwamba Wahindi wasitengwe kwa sheria katika miji, lakini Nyanda za Juu zikabaki za Wazungu, na Mwafrika akabaki katika lokesheni. Hivyo mji mmoja ukawa na hali tatu: Wazungu juu, penye upepo na miti, maduka ya Wahindi katikati, na sisi chini. Majina yenyewe yatosha. Kitale ina Milimani, tena ina Bondeni. Nakuru, Kisumu na Kakamega kuna Milimani pia, na hata Bungoma, ambako mlima wa kuonyesha ni shida kuupata.

Hata hivyo lilikuwapo jambo moja ambalo mpango ule haukuweza kuliondoa. Mzungu hakutaka Mwafrika awe jirani yake, lakini alitaka chai saa kumi na mbili asubuhi. Ndipo katika kila kiwanja, nyuma kabisa ya ua wa kayaba, pakajengwa chumba kimoja au viwili kwa ajili ya watumishi. Kwa desturi ya miji ile Mwafrika aliweza kulala katika mtaa wa Wazungu kwa njia moja tu, nayo ni kuwa mtumishi wa mwenye kiwanja. Kwa hiyo si kweli kusema kwamba watu wetu wameingia Milimani juzi. Wamekaa Milimani tangu nyumba ya kwanza ilipoezekwa.

Wengi walitoka kwetu. Kutoka Kimilili au Misikhu ulivuka mto Kamukuywa ukaendelea kupitia Kiminini, na mwenye miguu mizuri hakuona mbali. Walio wengi waliishia katika mashamba ya mahindi, na wachache waliojua kusema kwa upole waliingia nyumbani: mpishi, yaya, dobi, mtunza bustani. Mwanamume alivaa kipande chake shingoni ndani ya kikopo cha chuma, maana sheria ya kuandikisha Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika vita vilipokwisha, ilitaka kila bwana aandike humo siku ya kumwajiri na siku ya kumwachisha. Mtu aliyetoroka kazini alitafutwa kama mhalifu. Mtumishi aliamka kabla ya jua kuwasha kuni chini ya pipa la maji ya kuoga, kwa sababu Kitale, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,900 hivi, ina baridi ambayo mtu wa Bungoma haizoei upesi. Alijua kuoka mkate asioula. Mkewe alibaki nyumbani akilima, na mshahara ule mdogo ulihesabiwa kuwa unatosha kwa sababu hiyo hiyo: shamba la mke lilimlisha mfanyakazi wa bwana.

Twasema haya bila chuki. Wako miongoni mwetu waliosomeshwa kwa mshahara wa jikoni, na baadhi ya wazee wetu bado hukunja leso ya meza namna waliyofundishwa pale.

Mwaka 1960 Serikali iliondoa kizuizi cha rangi katika Nyanda za Juu. Mwaka 1962 ukaja mpango wa kununua ekari milioni moja kwa ajili ya kuwapa Waafrika mashamba, na tarehe 12 Desemba 1963 nchi ikawa huru. Maofisa wetu wakahamia katika nyumba za Serikali huko juu, kisha wafanyabiashara na walimu wakuu wakanunua au wakajenga. Ilikuwa siku ya furaha, nasi hatutaki kuipunguza. Lakini tuliporithi nyumba tulirithi na mchoro wake. Baraza mbele, lango, ua. Na nyuma kile chumba. Katika nyumba mpya zilizojengwa na sisi wenyewe, fundi hakuambiwa akiache, naye akakijenga.

Tumefika penye jambo lenyewe. Mwaka huu binti mmoja wa upande wa Chwele, aliyekuwa yaya Milimani katika nyumba ya mwanachama wetu, aliugua akiwa kazini. Alirudishwa kwao kwa matatu, na nauli aliyopewa ilimfikisha nusu ya njia. Mwenye nyumba hatumtaji, naye amekwisha kusema yake mbele ya kamati. Mama wa binti alikuja mkutanoni bila kualikwa, akasimama karibu na mlango, akatuuliza: chama hiki cha ustawi ni cha ustawi wa nani? Wengine walitaka atolewe nje. Mzee mmoja, ambaye baba yake alikuwa mpishi katika mtaa ule ule, akasema mama aachwe amalize.

Tulipotazama daftari la wanachama tuliona kosa letu. Mhazini hukusanya ada katika lango la mbele. Hakuna hata jina moja la mtu alalaye katika chumba cha nyuma, ingawa walio wengi humo ni watoto wa Bungoma. Tena sheria si ile ya zamani ya bwana na mtumwa wake: amri ya mishahara ya Serikali humtaja yaya, mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani pamoja na vibarua wengine wote, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake mahali pafaapo pa kulala au fedha za kupanga. Wanachama kadhaa walikiri kwamba hawakujua. Mmoja alisema alijua.

Kamati imekubali kwamba watumishi wa nyumbani waandikwe kwa nusu ya ada, na wapate haki ile ile ya matibabu na mazishi. Karani wetu ameanza kupita Milimani siku za Jumapili alasiri, akizungukia mlango wa jikoni. Baadhi ya wenyeji wamemkaribisha chai. Wengine wamemwambia kwamba mtu wao hayupo, ilhali redio yake ilikuwa ikisikika huko nyuma. Atarudi tena mwezi ujao.