Majina Matatu ya Hospitali Moja

Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, iliyo kando ya bahari ukingoni mwa Mji Mkongwe, imebeba historia ya visiwa katika majina yake. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 iliitwa Karimjee Jivanjee, jina la ukoo wa matajiri waliochangia ujenzi wake. Tiba ilikuwa na sura ya sadaka: mwenye nacho alitoa, na jina lake likaandikwa mlangoni.

Baada ya Mapinduzi, Serikali ilitangaza matibabu bila malipo, madaktari wakaja kutoka Uchina, nayo hospitali ikapewa jina la V. I. Lenin, ambaye hakupata kukanyaga ardhi ya Unguja. Sadaka iligeuzwa kuwa haki. Jina lilibaki kuwa la mkubwa.

Hatimaye likarudi jina la kiwanja jirani, jina la mti usiodai shukrani. Anayekwenda kumjulia hali mgonjwa wake, chupa ya uji mkononi, hana haja ya kuyajua majina yaliyopita. Lakini afikapo kwenye dirisha la dawa hukutana na swali yaliyoliacha: tiba ni hisani ya aliye juu, au ni haki ya kila aumwaye?