Koini Ikitolewa Sokoni, Uliza Nani Ameogopa

Kila wakati soko la kripto likitangaza linaondoa koini fulani, komenti hujaa swali moja: "Kwani ilikuwa ya wakora?" Mimi nasema tuangalie historia kwanza, juu mara nyingi koini yenyewe haijabadilika hata kidogo.

Tuanze na Bitcoin SV, iliyozaliwa Novemba 2018 Bitcoin Cash ilipogawanyika. Mtetezi wake mkuu, Craig Wright, alidai yeye ndiye Satoshi Nakamoto, na waliombishia akawatishia kesi. Aprili 2019 Binance ikaitoa, Kraken ikafuata. Kilichowachosha ni tabia ya mtu. Machi 2024, mahakama ya Uingereza iliamua Wright si Satoshi.

Halafu XRP. Tarehe 22 Desemba 2020, SEC, wasimamizi wa masoko ya hisa Marekani, waliishtaki Ripple wakidai imeuza XRP ya zaidi ya dola bilioni 1.3 bila kuisajili vile hisa husajiliwa. Coinbase haikungoja hukumu. Januari 2021 ikasimamisha biashara ya XRP. Julai 2023, Jaji Analisa Torres akaamua kwamba mauzo ya Ripple kwa umma kupitia masoko hayakuvunja sheria hiyo. Coinbase ikairudisha siku hiyo hiyo. Lakini aliyeuza kwa hofu bei ikiwa chini, nani alimrudishia pesa yake?

Monero nayo huficha anayetuma, anayepokea na kiasi. Watu wanaipendea hapo. Shida ni kwamba soko lenye leseni lazima lijue pesa inatoka wapi. Binance iliiondoa Februari 2024. Yaani ilifukuzwa kwa kufanya kazi yake vizuri!

Soko ni duka tu, wasee. Mwenye duka analinda leseni yake kwanza, wewe baadaye. Na vile Kenya ilishapitisha sheria yake ya mali za kidijitali 2025, sitashangaa orodha zikipunguzwa hata huku kwetu.

Kwa hivyo tangazo likitoka, lisome hadi mwisho. Siku ya mwisho ya kuuza na siku ya mwisho ya kutoa koini zako huwa tofauti. Ukiwa na waleti ambayo funguo unashika mwenyewe, unaweza kuzihamisha na ufikirie polepole. Ukiziacha kwa duka, utafuata saa ya mwenye duka.