Thamani ya Kinasa Picha

Msomaji, huenda umepata kuisikia isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Ngoma zake ni tatu, nazo hufananishwa na baba, mama na mwana. Hupigwa mtoto anapozaliwa, hupigwa arusini, na hupigwa mtu anapozikwa. Mwaka wa 2014 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliitia isukuti katika orodha ya mambo ya utamaduni yanayohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa urithi wake kutoka kwa wazee kwenda kwa vijana ulikuwa umedhoofika. Kisichoshikwa hupotea. Kwa sababu hiyo yafaa tuijue historia ya chombo kiitwacho kinasa picha, ambacho huzuia picha ya televisheni isipite moja kwa moja. Na kwa kuijua, mzazi mwenye fedha kidogo atapata shauri jema la kumchagulia mwanawe.

Kinasa picha cha kwanza kilichofaa kwa kazi ya utangazaji kilionyeshwa na kampuni ya Ampex mjini Chicago, Marekani, mwezi wa Aprili 1956. Kilitumia utepe wa sumaku wenye upana wa inchi 2, na bei yake ilikuwa kama dola 50,000. Mali ya namna hiyo ilikuwa ya vituo vya utangazaji, wala haikuwa ya nyumba ya mtu. Kenya yenyewe haikuwa na televisheni hata mwaka wa 1962, ilipoanzishwa Nairobi. Na kwa miaka mingi baadaye, mtazamaji aliyekosa kipindi alikuwa amekikosa.

Mwaka wa 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa kinasa cha nyumbani kiitwacho Betamax. Mwaka uliofuata kampuni ya JVC, ya Japani vilevile, ilitoa chake cha aina ya VHS. Vyombo hivi viwili havikupatana: kanda ya kimoja haikuingia katika kingine. Wengi walisema kwamba picha ya Betamax ilikuwa safi zaidi. Lakini kanda yake ya kwanza ilijaa kwa saa 1, na ya VHS ilichukua saa 2. Tena JVC iliwapa watengenezaji wengine wengi ruhusa ya kuunda VHS. Kwa kushindana kwao bei ikashuka, na wenye maduka ya kukodisha kanda wakajaza VHS katika rafu zao. Basi mwenye Betamax akawa na chombo kizuri ambacho jirani hakuweza kumwazima kanda. Sony iliacha kuunda vinasa vya Betamax mwaka wa 2002. VHS nayo haikuishi milele: mwaka wa 2016 kampuni ya Funai iliacha kuviunda, na aliyekuwa na picha za arusi ya wazazi wake katika kanda ikampasa azihamishe upesi, au azipoteze.

Labda utauliza, mambo haya ya ugenini yamhusu nini kijana wa Kakamega? Yamhusu sana. Mwaka wa 2015 Kenya ilizima mitambo ya zamani ya televisheni, na matangazo yakawa ya kidijitali. Tangu hapo nyumba nyingi hutumia king'amuzi, na ving'amuzi vingi vina tundu la kuchomekea flashi. Baadhi yao huweza kunasa kipindi na kukiweka katika flashi hiyo. Kwa hiyo kile kilichogharimu dola 50,000 mwaka wa 1956 sasa chapatikana katika kisanduku kidogo cha dukani.

Hata hivyo, fumbo la Betamax limerudi kwa sura nyingine. Kuna ving'amuzi vinavyonasa kipindi na kukifunga, kisisomeke ila kwa king'amuzi kile kile. Siku kisanduku kinapoungua kwa radi, yote yaliyonaswa hufa pamoja nacho, ingawa flashi ni nzima. Vingine vina tundu la flashi lakini hucheza picha tu, wala havinasi. Vingine tena hudai malipo ya kila mwezi, na bei ya dukani ikawa mwanzo tu wa gharama.

Basi ukienda dukani pamoja na mzazi wako, chukua flashi yako mwenyewe. Mwombe muuzaji anase kipindi kwa dakika 5 mbele yenu. Kisha ichomoe flashi, uichomeke katika kompyuta au katika televisheni nyingine. Picha ikionekana huko, chombo hicho chafaa. Isipoonekana, kiache, hata kama bei yake ni nusu ya kile cha pili. Uliza pia kama chaweza kuagizwa kunasa saa fulani ukiwa shuleni. Wala usisahau kwamba saa 1 ya picha yaweza kujaza gigabaiti 1 au zaidi, hivyo flashi ndogo haitafika mbali.

Kijana aliyeinasa isukuti inapoonyeshwa katika televisheni aweza kurudia pigo moja mara ishirini hadi mkono wake ulizoee, kisha akaenda kwa mzee kumwuliza asilolifahamu. Na miaka mingi baadaye, king'amuzi kikiwa kimekwisha kutupwa, aweza kumwonyesha mwanawe. Lakini atafanya hivyo ikiwa tu siku ile dukani alichagua chombo kisichofungia mali yake ndani. Wahenga walisema kwamba rahisi ni ghali. Bei ya kinasa picha huandikwa dukani, bali thamani yake hujulikana siku chombo chenyewe kinapokufa.