Kutoka Tumboni hadi Jichoni

Kwa karne kadhaa maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza vijiwe vyeupe vya mviringo vilivyoitwa "macho ya kaa". Havikuwa macho, wala havikutoka kwa kaa. Vilitoka tumboni mwa kamba wa maji baridi. Huko Astrakhan, karibu na mahali mto Volga unapoingia Bahari ya Kaspi, kamba walirundikwa wakaoza, kisha uozo ukaoshwa hadi vijiwe vikabaki vitupu. Wagonjwa waliunywa unga wake kutuliza kiungulia, na ukawafaa kweli, kwa kuwa ni kalsiamu kaboneti, ambayo bado imo katika vidonge vya kupunguza asidi. Biashara ilinoga hata walaghai wakafinyanga vya bandia kwa chaki.

Kwa kamba mwenyewe, kijiwe kile ni akiba. Maji ya mto yana kalsiamu haba kuliko ya bahari. Anapokaribia kujivua gamba, kamba huifyonza kutoka gamba kuukuu na kuiweka ukutani mwa tumbo. Akishajivua, vijiwe huyeyuka na kusaidia kulikaza gamba jipya. Kaa wa maji baridi wa Australia, Holthuisana transversa, kwa upande wake huihifadhi kalsiamu yake katika damu.

Mwaka 1718 Mfaransa Réaumur alichapisha uchunguzi wake wa namna kamba wa mtoni wanavyojivua. Lakini kinachoamua wakati wa kujivua hakikujulikana bado.

Mwaka 1905 Mmarekani Charles Zeleny aliwaondoa kaa vikonyo vya macho, akaona wanajivua mapema kuliko kawaida. Katika miaka ya 1930 Msweden Bertil Hanström alizichunguza tezi zilizomo ndani ya vikonyo hivyo. Hatimaye ikabainika kwamba humo hutoka homoni inayozuia kujivua, mithili ya breki. Homoni hiyo ikipungua, tezi nyingine mwilini huachiwa kufanya kazi. Tezi hiyo ya pili, iliyopewa jina la herufi Y, ilielezwa na Manfred Gabe mwaka 1953. Ndiyo chanzo cha homoni zinazoanzisha kujivua.

Kuipata homoni yenyewe kulikuwa kazi ya jasho. Mwaka 1954 Wajerumani Butenandt na Karlson walipata miligramu 25 za ekdisoni, homoni ya kujivua ya wadudu, kutoka nusu tani ya mabundo (pupa) ya nondo wa hariri. Mwaka 1966 Hampshire na Horn, nchini Australia, walichakata takriban tani moja ya kamba-koche wakaambulia miligramu 2 za homoni ya jamii hiyohiyo.

Maarifa ya vikonyo yaliingia pia katika ufugaji. Tangu miaka ya 1970, katika vituo vingi vya kuzalisha kambamiti, jike hukatwa kikonyo kimoja ili atage mapema, maana tezi za humo huzuia pia kukomaa kwa mayai. Baadhi ya wafugaji sasa wanaiacha desturi hiyo kwa sababu ya mateso yanayompata mnyama.