Usakaji hitilafu: kazi inayotangulia utatuzi

Istilahi ya Kiingereza troubleshooting hufasiriwa kwa Kiswahili "utatuzi wa matatizo", na wengi tumeizoea hivyo kwenye simu na kompyuta. Tafsiri hiyo inaeleweka, ila inataja mwisho wa kazi na kuiruka kazi yenyewe.

Tatua ni kinyume cha tata. Mshipi wa mvuvi wa Ndau, kisiwa kilicho baina ya Pate na Kiwayu katika Kaunti ya Lamu, ukitatana, mwenyewe haulizi tatizo liko wapi. Fundo analiona, tena liko mkononi. Kilichobaki ni subira na vidole. Kibodi iliyochomekwa kwenye laptopu ikakaa kimya haina fundo la kuonekana. Ubovu huenda uko kwenye kibodi, waya, tundu la USB au programu. Kabla ya kutatua, sharti usake.

Waingereza na Wamarekani walilipata neno lao katika kusaka huko huko. Mwanzoni mwa karne ya 20 liliwahusu mafundi wa nyaya za simu za Marekani, waliofuata laini nguzo kwa nguzo hadi wafike palipokatika.

Tuseme mwalimu wa Ndau ana laptopu ambayo baadhi ya vitufe vyake vimeliwa na hewa ya chumvi, naye ameongeza kibodi na kipanya vya nje. Asubuhi moja vyote viwili haviitiki. Swali la kwanza ni hili: vimechomekwa wapi? Kama vinapitia kigawanyio kimoja cha USB, mshukiwa wa kwanza ni kigawanyio. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na kigawanyio kisicho na umeme wake hugawa hizo hizo kwa vyote vilivyochomekwa. Akiondoe, achomeke kibodi moja kwa moja. Isipoitika, ajaribu tundu jingine, kisha laptopu nyingine. Abadili kitu kimoja tu kila mara, kwani akibadili viwili pamoja hatajua kipi kilikuwa na kasoro.

Sasa abonyeze Caps Lock, aangalie taa yake. Kwa kawaida taa hiyo haiwashwi na kibodi: kibodi hupeleka habari kwamba kitufe kimebonyezwa, na laptopu ndiyo inayorudisha amri ya kuiwasha. Ikiwaka na kuzimika kila akibonyeza, mawasiliano yanakwenda na kurudi, na msako unahamia kwenye programu. Kwenye Windows, kwa mfano, kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 huweza kuwasha mpangilio unaopuuza mibonyezo ya haraka. Kibodi huonekana imegoma, kumbe herufi hutokea kitufe kikishikiliwa kidogo.

Taa nyekundu iliyo chini ya kipanya ina ushahidi mdogo zaidi. Waya wa kawaida wa kipanya cha USB una nyuzi nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Taa ikiwaka na mshale usisogee, umeme unafika, lakini uzi wa data huenda umekatika, hasa pale waya unapokunjwa kila siku. Kisicho na waya kina washukiwa wengine: betri, na kipokezi chake. Mwaka 2012 Intel ilieleza kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayogonga masafa ya gigahezi 2.4, yale yale yanayotumiwa na vipanya vingi. Kukihamisha kipokezi mbali na diski ya nje ya USB 3.0 huenda kukatosha.

Katika yote hayo, hakuna kilichotatuliwa hadi dakika ya mwisho. Kazi ilikuwa kuwaondoa washukiwa mmoja mmoja. Ndiyo maana napendekeza "usakaji hitilafu". Kitenzi "kusaka hitilafu", mtendaji "msaka hitilafu". Hitilafu ni neno la kila siku redioni, mitambo inapoharibika katikati ya matangazo. Kusaka kunajulikana na wawindaji na polisi. "Uchunguzi" ni pana mno, na "ubainishaji" unataja tu ile nukta ya kugundua. "Utatuzi" nao ubaki kwa hatua inayofuata: kubadili waya, kusafisha chumvi kwenye tundu, kurekebisha mpangilio.

Tofauti hii ina gharama mahali ambapo kifaa kipya huagizwa Lamu mjini na kuvushwa kwa boti. Anayesema "vimeharibika" ataagiza kibodi na kipanya. Aliyesaka akaikuta hitilafu kwenye kigawanyio ataagiza kigawanyio tu.