Risasi walizibeba kwenye nini?

Ukifanya kazi ya kuandika habari za polisi kwa muda utaizoea sentensi moja. Kamanda anasimama mbele ya meza, juu ya meza kuna vitu vimepangwa, naye anasoma: SMG moja, magazini mbili na risasi kadhaa. Tunaandika, tunapiga picha, tunarudi ofisini kugombania kompyuta. Kesho yake habari inatoka ukurasa wa tatu na keshokutwa inafungiwa vitumbua.

Lakini hilo neno magazini limekuwa likinisumbua. Magazini ni kikasha kidogo kinachobeba risasi na kuzisukuma ndani ya bunduki. Na yenyewe lazima ibebwe kwenye kitu: mfuko, mkanda, kipochi. Sasa kabla ya magazini kuja, watu wetu risasi walizibeba kwenye nini? Swali dogo, la kijinga hata. Nilipoanza kulifuatilia likanipeleka hadi Brussels, na nikarudi na hasira ambayo sikuitegemea.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili hakitupi kitu hovyo. Fungua kamusi za zamani utakuta neno "beti": kimfuko cha ngozi cha kuwekea risasi, baruti na fataki, kinachovaliwa kiunoni au kutundikwa begani. Utakuta "mdeki", ule ufito wa kushindilia baruti ndani ya mtutu. Utakuta "kifa", pale baruti ya kuwashia inapokaa. Utakuta "gumegume", bunduki inayowaka kwa cheche ya jiwe, na "bunduki ya fataki" iliyokuja baada yake. Na utakuta neno "kiasi". Ndiyo, hilo hilo kiasi la "kwa kiasi fulani". Kiasi cha bunduki kilikuwa baruti iliyopimwa tayari kwa mlio mmoja, baadaye likawa jina la risasi nzima. Lugha yenye msamiati wa namna hii haikujifunza bunduki juzi.

Nakapanya iko wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, kwenye barabara itokayo Masasi kwenda Tunduru na Songea. Ukipita na basi utaona korosho, mikorosho, halafu korosho tena. Ni nchi ya Wayao, na nyuma ya vijiji kuna pori linalounganisha Selous na hifadhi ya Niassa ng'ambo ya mto Ruvuma. Tembo wanapita humo, nguruwe wanashuka mashambani usiku, na simba wa Tunduru wana sifa ambayo wenyeji hawapendi kuitania. Ndiyo maana gobore huku halikuwa pambo la ukutani. Lilikuwa jembe la pili.

Mzee mmoja pale (nilimwamkia shikamoo babu, akaitikia, akaninyooshea kigoda) alinieleza kazi ya gobore kwa mikono mitupu, bila gobore lenyewe. Mkono wa kushoto ukawa mtutu. Unamimina baruti kutoka kwenye pembe, unatia tambara au nyuzi za gome, unashindilia kwa mdeki, unatia risasi au marisau, unashindilia tena, ndipo unaweka fataki. Pembe ya baruti lazima iwe na kizibo kinachobana, maana baruti ikiingia unyevu imekwisha, na cheche ikiingia umekwisha wewe. Fataki zinakaa kwenye kimfuko chake, mbali na baruti. Akamaliza akacheka, akaniuliza: nguruwe kakusubiri muda wote huo?

Hapo ndipo penye historia yenyewe. Mwindaji mwepesi anahitaji kama nusu dakika, mara nyingi zaidi, kati ya mlio na mlio. Nguruwe haisubiri. Askari wa Kijerumani je?

Tusijidanganye kuhusu bunduki hizo zilikuja kufanya nini. Njia ya Kilwa ilipita na meno ya tembo na ilipita na watu waliofungwa minyororo. Wafanyabiashara wa Kiyao walikuwa na bunduki, na bunduki hizo zilikamata watu. Kufikia miaka ya 1880 Zanzibar ilikuwa mlango mkuu: balozi wa Uingereza, Euan-Smith, mwaka 1888 alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia kila mwaka. Kadirio la mkoloni, sawa, lipunguze utakavyo, bado ni bunduki nyingi. Nyingi zilikuwa mitumba. Ulaya majeshi yalikuwa yanabadilisha silaha, yale mabovu yakateremshwa huku kwetu. Mitumba haikuanza Karume.

Halafu ikaja tarehe 2 Julai 1890. Mataifa makubwa yakatia saini Mkataba wa Brussels. Kichwa chake kilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na vifungu vingi vilihusu jambo hilo kweli. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, yaani karibu Afrika yote isipokuwa ncha zake mbili, ilipigwa marufuku kuingiza bunduki za kisasa pamoja na risasi zake. Kilichoruhusiwa, kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara. Soma tena hapo. Hata bunduki ya fataki, ambayo wakati huo ilikuwa ya kizamani, haikuwemo kwenye ruhusa.

Bila shaka serikali za kikoloni zilijipa haki ya kuwapa askari wao silaha zozote.

Mimi nasema hivi: mkataba ule ulizuia watumwa kukamatwa, na papo hapo ulitugandisha kwenye beti na pembe ya baruti. Yote mawili ni kweli, na sioni kwa nini tuchague moja. Shuleni tulifundishwa la kwanza tu.

Kuna anayeweza kusema bunduki si kitu, moyo ndio kitu, angalia Wahehe. Naam, Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mkwawa yalikiteketeza kikosi cha Zelewski kwa mikuki zaidi kuliko bunduki, Zelewski mwenyewe akauawa, na bunduki zipatazo 300 zikatekwa. Ushindi mtamu. Lakini bunduki ya kuteka inakula risasi ya kuteka. Zile ulizoziokota zikiisha, huwezi kumimina baruti ya pembe ndani ya bunduki ya kisasa ukategemea maajabu. Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka.

Sasa twende 1905. Vita vya Maji Maji vilianza Julai kwenye milima ya Matumbi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, wakati moto ndiyo kwanza unashika. Dawa ya maji ikavuka milima, ikafika Ungoni, na majumbe wa Kingoni wakainywa. Wengi wao walikwenda vitani na mikuki na ngao za ngozi, wenye magobore wakiwa wachache. Wakuu kadhaa wa Kiyao wa kusini hawakuingia kabisa, na hilo nalo lina historia yake ndefu ambayo leo siigusi.

Upande wa pili walikuwa askari, na tukumbuke askari wengi walikuwa weusi kama sisi. Bunduki yao ilikuwa Mauser ya mwaka 1871. Hii inashangaza wengi: ilikuwa bunduki ya risasi moja moja, haina magazini, inatoa moshi kama tanuri la mkaa. Wajerumani wenyewe kwao Ulaya walishaiacha. Hata mwaka 1914 vita kuu ilipoanza, kampuni nyingi za askari Afrika Mashariki zilikuwa bado zinaibeba. Lakini risasi yake ilikuwa kipande kimoja: shaba, baruti, fataki na risasi vimekamilika kiwandani. Askari alikuwa na vifuko vya ngozi ngumu kwenye mkanda wa kiunoni, anafungua kifuniko, anachomoa, anaingiza, anapiga. Bila mdeki, bila pembe, bila tambara. Askari aliyezoezwa anapiga mara kumi kwa dakika bila kuhema, wakati mwenye gobore hajamaliza ya pili.

Na nyuma ya askari kulikuwa na bombomu. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji waliikimbilia boma. Walikuta bombomu mbili. Bombomu haina beti, ina mkanda mrefu wa kitambaa uliojaa risasi unaoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili ukiwa mtupu, risasi zaidi ya 500 kwa dakika. Sitaki kueleza ilivyokuwa. Oktoba kambi ya Wangoni ikashambuliwa wakiwa hawategemei. Tarehe 27 Februari 1906, Songea, watu 67 walinyongwa, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, alinyongwa naye. Kisha ghala na mashamba yakachomwa, njaa ikamaliza kazi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Hiki ndicho kilichonitia hasira. Wengi wetu tuliomaliza shule tunaikumbuka vita hii kwa sentensi moja yenye kejeli: waliamini risasi zitageuka maji. Tunaisema vijiweni tukicheka. Lakini mtu anapoambiwa kwa sheria ya watu asiowajua kwamba silaha yake halali ni gumegume, na adui anapewa risasi kwa mkanda, ni dawa gani nyingine iliyobaki dukani? Dawa ya maji sioni kama ilikuwa ujinga wa watu wasioijua bunduki. Naiona kama jibu la watu walioijua vizuri mno, waliokuwa wamezihesabu zile sekunde za mdeki. Unaweza kunibishia. Lakini nibishie ukiwa umeuhesabu huo muda kwa mikono yako, kama alivyofanya yule babu.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akasimama kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha. Brussels haijatajwa na mtu.

Magazini yenyewe huku kusini iliingia kwa wingi na vita vingine, na safari hii upande wa kwetu. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 ikaanza mapigano Msumbiji. Nachingwea, palipokuwa shamba la karanga la Waingereza lililowashinda, pakawa kambi ya mafunzo. Bunduki ya wapigania uhuru hao, AK, ina magazini iliyopinda yenye risasi 30, na Wachina walikuwa na fulana ya turubai ya kuzibeba kifuani magazini tatu kwa mpigo. Bunduki hiyo na magazini yake iko mpaka leo kwenye bendera ya Msumbiji. Ukitoka Tunduru ukavuka Ruvuma utaikuta inapepea.

Nimalizie na plastiki, maana ndiyo iliyonifanya nione mduara wa ajabu. AK za kwanza zilikuwa na magazini za chuma. Miaka ya 1960 Warusi wakaanza kutengeneza za plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo, zile za rangi ya machungwa yaliyoiva sana. Mwaka 1965 kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani ikatoa karatasi ngumu ya plastiki iitwayo Kydex, kwa ajili ya ndani ya ndege. Wapenda bunduki wakagundua inafaa kwa vipochi. Leo mashindano ya bastola ya IPSC, shirikisho lililoanzishwa Marekani mwaka 1976, yana wachezaji mpaka Kenya, wanaofanyia mazoezi Kirigiti, Kiambu. Kule pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia, kwa hiyo kubadili magazini kwa sekunde moja au mbili ni tofauti ya kushinda na kushindwa.

Wengi wao duniani hujitengenezea vipochi nyumbani. Unachukua Kydex yenye unene kama milimita 2, unaipasha kwenye oveni mpaka inalegea kama ngozi mbichi, unailaza juu ya magazini tupu, unaikandamiza kati ya sponji mbili mpaka ipoe. Inabaki na umbo lile lile, inaishika magazini bila kifuniko wala kifungo. Mafundi bomba wetu wanafanya jambo la jamaa moja kila siku wanapopasha bomba la plastiki ili mdomo utanuke uingie bomba jingine.

Na pembe? Pembe ya ng'ombe ukiichemsha au ukiipasha moto nayo inalegea. Unaweza kuinyoosha, kuibana, kuipa umbo, ikipoa inabaki hivyo. Ni plastiki ya Mungu. London kuna chama cha kale cha mafundi wa pembe, ufundi wao ulipokufa hawakukifunga chama, mwaka 1943 wakakihamishia kwenye tasnia ya plastiki, wakiona ni kazi ile ile.

Yule babu wa Nakapanya pembe yake hana tena. Ilikwenda na gobore, anasema, siku lilipokwenda kusalimishwa polisi. Kizibo tu ndicho kilichobaki, wajukuu wanakitumia kuziba chupa ya mafuta ya taa.