Mzigo wa Kwihara

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Dk. Livingstone amefariki Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo. Watumishi wake, Chuma na Susi, wameuzika moyo wake chini ya mti, wakaitia maiti chumvi, wakaianika juani wiki mbili, kisha wakaifunga kwa gome la mti na turubai. Msafara umekata mabwawa na pori hadi kuikaribia Unyanyembe, eneo la Tabora, nao Chuma ametangulia na barua.

SASA ENDELEA...

Oktoba 1873. Katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza alikuwa hoi kwa homa, macho yakimsumbua hata kusoma ni kazi. Chuma akampa barua. Ilikuwa imeandikwa na Jacob Wainwright, kijana Myao aliyesomeshwa Nasik, India. Cameron alikuwa ametumwa kumtafuta Livingstone akiwa hai. Sasa alikuwa amechelewa.

Siku chache baadaye mzigo uliingia Kwihara. Cameron akatoa ushauri wake: maiti izikwe papa hapa. Njia ya pwani ina hatari, wenye vijiji hawapendi kupitishiwa maiti ya mgeni. Tena mke wa marehemu amelala Shupanga, katika bara hilihili.

Susi alilijua kaburi hilo. Shupanga ndiko alikochukuliwa kazini.

Wakakataa, yeye na Chuma na wenzao. Bwana wao atarudi kwao.

Cameron akafungua masanduku, akachukua vyombo vya marehemu vya kupimia nchi. Hilo hawakuweza kulizuia. Kisha yeye akajiandaa kuelekea magharibi, na wenzake wawili, Murphy na Dk. Dillon, wakafuatana na msafara wa pwani. Dillon alikuwa mgonjwa sana.

Walipofika Kasekera, Novemba 18, mlio wa bunduki ukatoka hemani kwake. Homa ilikuwa imempoteza akili. Dillon alikuwa amejiua.

Msiba huo haujapoa, ukaja mwingine. Wenyeji walikuwa wameshanong'onezana kilichomo ndani ya gome lile. Wakaiziba njia: maiti haipiti.

"Tupigane, mzee?" mpagazi mmoja kijana akamuuliza mwenzake, mkono uko kwenye gobore.

"Na baruti ikiisha? Weka silaha, mwanangu. Wakubwa wana lao."

Kweli walikuwa nalo. Chuma na Susi wakawatangazia wenyeji kwamba wamekubali yaishe, maiti itarudishwa Unyanyembe ikazikwe. Usiku wakaivua gome, wakaikunja na kuifunga upya kwa nguo mpaka ikawa kama robota lolote la kitambaa cha merikani. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayafunga marefu kiasi cha mtu, wakayavisha sanda.

Wanaume sita wakayainua kwa heshima zote, wakashika njia ya Unyanyembe. Wenyeji wakaridhika.

Porini, mbali na macho ya watu, mabua yalikuwa yatupwe huku na sanda kule. Wale sita walitakiwa warudi mmoja mmoja kwa njia za panya, na alfajiri iwakute kambini kana kwamba hawakuondoka.

Kambini, robota lile liliwekwa katikati ya mengine. Yule kijana akalikodolea macho, jasho likamtoka.

"Mzee, hongo hulipwa kwa nini njia hii?"

"Kwa nguo."

"Na nguo hukaa wapi?"

Mzee hakujibu. Jogoo wa kwanza aliwika, na kati ya wale sita walikuwa wamerudi wanne tu.

Je, wawili waliobaki wamekamatwa na mabua yao? Na jumbe akidai hongo, atalichagua robota gani? Bagamoyo iko mbali, msafara hautafika huko hadi Februari 1874. Usikose sehemu ya nne Jumamosi ijayo.